Kihori cha Kumi na Mbili

Wapo watakaowaambia kwamba nchi ya Ulandano haipo. Msiwasikilize. Mimi nimetoka huko juzi, na mkono wangu wa kulia bado unanisisimka ninapoandika haya, kwa sababu mtakayoiona huko mbele. Naandika mbio mbio kabla msisimko haujanitoka.

Kwa kazi mimi ni mfungashaji wa maktaba za programu za kompyuta. Kwa asiyejua, ni hivi: kuna furushi moja ambalo programu mia hulitegemea, kila moja ikichota humo inachotaka, na mfungashaji ndiye anayehakikisha kwamba furushi jipya likiwekwa mahali pa la zamani, zile programu mia hazitambui kitu. Ukifanya vizuri hakuna anayejua kwamba upo. Nimelisema hili mapema ili mjue kwa nini Ulandano sikushangaa kama mgeni. Nilishangaa kama mtu aliyewakuta ndugu zake wa damu wakiishi ng'ambo.

Yote yalianza kwenye salamu. Salamu ya Ulandano ina maswali sita na mpangilio wake haubadiliki: afya, usingizi, watoto, mbuzi, mvua, magoti. Anayejibu hasikilizi hata kidogo, anahesabu. Mimi, kwa adabu za kwetu, nilimsalimu bwana mmoja sokoni, na baada ya watoto nikamchomekea swali la mkewe.

"Mama watoto hajambo?"

"Wanne, na mmoja ana mimba."

Nikaendelea. "Na mbuzi?"

"Wamenyesha kidogo jana," akasema, kisha akajisahihisha, "imenyesha kidogo jana." Nilipouliza mvua akaniambia yanamuuma akipanda ngazi. Tukaagana yeye akiwa ameridhika kabisa.

Nyuma yangu mwanamke alikuwa anacheka mpaka amejishika ubavu. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwenye mtungo wa funguo kiunoni na kidole gumba chenye sugu. "Mgeni wangu, umemvuruga Bwana Shaame wa watu," akasema. "Ukiwa na swali jipya, liweke mwishoni, baada ya magoti. Anayelijua atalijibu, asiyelijua atakuwa ameshaondoka, na hakuna atakayeudhika."

Jamani, nilitaka kumkumbatia. Miaka kumi na minne nimewaambia wenzangu maneno hayo hayo, na hapa nayakuta yamekuwa adabu ya sokoni. Huyo ndiye Bi Sikudhani Makame, Mtunza Ghala wa Ulandano. Alinikaribisha kwake, na siku zote nilizokaa huko nilikula kwake.

Ghala lenyewe ndilo moyo wa nchi. Ni jengo la mviringo lisilo na dirisha, na nyumba zote za mji zimeliegemea kwa ukuta wa nyuma. Ndani yake kuna vihori vya mbao, kila kimoja kikizunguka duara zima. Cha kwanza kinaambaa ukutani, cha pili kinakifuata kwa ndani, na kuendelea hivyo hadi karibu na katikati, ambako pamebaki nafasi tupu. Chumvi ni kihori cha kwanza. Sukari ni cha kumi, sumu ya panya ni cha kumi na moja, dawa ya moyo ni cha kumi na mbili, sindano na nyuzi ni cha kumi na tatu. Mtauliza ni nani aliyeweka sumu ya panya jirani na dawa ya moyo. Na mimi niliuliza. Nikajibiwa kwamba vitu vimepangwa kwa namna vilivyoingia nchini, na kilichokwisha kuwekwa hakihamishwi.

Saa sita mchana kengele hulia, vifuniko vya matundu hufunguliwa, na kila nyumba hupitisha fimbo yake kwenye tundu la ukutani. Fimbo ina mikato ubavuni na ndoana mwishoni. Ukitaka sukari unaisukuma hadi mkato wa kumi, unaiteremsha, unanasa kifurushi kwa kitanzi chake, unavuta. Huoni kitu, maana mwanga umekatazwa Ghalani, unaharibu dawa. Vifurushi vyote vimefungwa kwa karatasi ya kaki ya aina moja. Na kukichungulia ulichovuta kabla ya kukitumia ni utovu wa adabu, sawa na kumnusa mwenyeji wako mdomo. Sukari inamiminwa kwenye chai moja kwa moja. Dawa inamezwa pale pale ukutani, kifurushi kinatupwa, basi.

Fimbo huchongwa mara moja, siku nyumba inapojengwa. Fundi hupima unene wa ukuta ule na kimo cha sakafu ile, hufanya hesabu yake kichwani, na hesabu hiyo haiandikwi popote. Akiwa hai anaweza kukuchongea fimbo nyingine. Akifa, amekwenda na hesabu yake, na fimbo yako ni hiyo hiyo mpaka nyumba ianguke. Nusu ya nyumba za mji, hasa za Mtaa wa Nyuma, mafundi wake walishazikwa.

Kwa hiyo wana sheria, nami niliinakili kwa furaha. Juu ya mlango wa Ghala imechomwa namba tatu, na kila fimbo ina tatu mkiani. Anayetaka kusogeza kihori chochote, hata kwa upana wa ukucha, ajenge Ghala jingine kando yake, alipatie namba nne, na aliache la tatu likihudumu mpaka fimbo yake ya mwisho ioze. Anayetaka kuongeza kitu, akiongeze kwa ndani, baada ya cha mwisho. Hayo tu. Nimeona katiba za nchi kubwa zisizo na akili hiyo.

Lakini binadamu ni binadamu, na Baraza lao lina vyama viwili. Chama cha kwanza ni Wanyooshaji, ambao hawalali kwa kuona sumu imekaa kabla ya dawa, na kila mwaka huleta ramani mpya nzuri ya kupendeza. Cha pili ni Wagandishaji, ambao hawataki kiguswe chochote, hata kisicho sawa. Hao Wagandishaji ndio waliompa ushindi Mzee Vuai wa Mtaa wa Nyuma, na kesi yake lazima niwasimulie, maana ndiyo iliyokuja kutuokoa.

Ndani ya Ghala kuna mtungi mkubwa wa kupoza hewa. Ulipasuka zamani, maji yakawa yanatiririka hadi kwenye tundu la Mzee Vuai na kutokea upande wake, naye akapanda mchicha hapo chini. Miaka mitatu iliyopita Ghala likaziba ufa. Mchicha ukanyauka, na Mzee Vuai akafungua mashtaka: ufa umekuwepo miaka thelathini, nyumba yake imeuzoea, nani amewaruhusu kuuziba? Baraza zima lilicheka siku mbili. Siku ya tatu wakapiga kura na kuamua kwamba chochote ambacho nyumba imekitegemea kwa miaka mingi ni haki ya nyumba hiyo, hata kama ni kasoro. Ufa ukafunguliwa upya kwa patasi, na kifuniko cha tundu lake kikaachwa wazi siku zote ili maji yapite. Mji mzima unamwita Mzee Mchicha na yeye hajali.

Sasa, nilipofika, Ghala lilikuwa limefungwa siku tatu kwa matengenezo. Watu wamezidisha chai, kihori cha sukari kimekuwa chembamba, na Katibu wa Mpangilio, Bwana Faki Ngwali, alikuwa ameahidi kukipanua. Kila nyumba ilikuwa imechota akiba ya siku tatu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, aliitwa Sikudhani apige muhuri ili kengele ya saa sita ilie. Nikafuatana naye.

Katibu Faki ni mtu nadhifu, wa kalamu tatu mfukoni. Alituambia kihori cha sukari kimepanuliwa vidole viwili.

"Kuelekea wapi?" Sikudhani akauliza.

"Kwa ndani. Vingine vimesogea kidogo tu. Na majina yote yapo, Bi Sikudhani. Vibao kumi na vitatu vya kuchonga, nimevipapasa mwenyewe kimoja kimoja. Sukari imeandikwa sukari, dawa imeandikwa dawa."

"Fimbo haisomi kibao."

"Tumejaribu kwa fimbo pia. Fimbo ya ofisi imetoa vitu vyote kumi na vitatu bila kosa."

"Imechongwa lini hiyo fimbo ya ofisi?"

"Jana jioni," akasema Katibu, na alisema kwa fahari.

Hapo mimi damu ilinipanda kichwani. Wanachonga fimbo mpya kwa kufuata vihori vipya, halafu wanafurahi kwamba fimbo imelingana na vihori! Nilitaka kumcheka, nikakumbuka kwamba mwaka juzi nilifanya hivyo hivyo mezani kwangu, nikaenda kulala nikiwa na amani.

"Na namba ya mlangoni?" Sikudhani akauliza.

"Tatu, kama kawaida. Vidole viwili si jambo la kujengea Ghala jingine." Alishusha sauti. "Nikichoma nne pale juu, watu watasema tatu ilikuwa na kasoro. Na tatu aliizindua babu yangu. Wa Mtaa wa Mbele wote mafundi wao wako hai, nimewachongeshea fimbo mpya, nyumba arobaini. Wa nyuma ni wachache, watazoea."

"Wachache wangapi?"

"Wachache."

"Hujui, Katibu. Hata mimi sijui. Hakuna aliyewahi kuandika nani anavuta nini."

"Piga muhuri, dada yangu. Kengele haijachelewa kwa miaka mia na arobaini."

Sheria ya kengele ni fupi kuliko zote: Mtunza Ghala anayeichelewesha hurudisha funguo siku hiyo hiyo, na haulizwi sababu. Funguo zile alikuwa nazo mama yake, na kabla yake bibi yake. Tulipotoka nje Sikudhani alikaa kwenye ngazi, mtungo umelala mapajani. "Sijui kazi nyingine, mgeni wangu," akasema. "Nikikataa na Katibu akawa sahihi, nimejivua nguo mbele ya mji kwa ajili ya wasiwasi. Nikikubali na yeye akawa amekosea, Mzee Vuai atavuta cha kumi na mbili, dawa yake ya moyo, saa sita kamili. Akiba yake imeisha jana."

"Si ujaribu kwa fimbo yake?"

"Matundu yamefungwa. Hayafunguki bila muhuri." Kisha akaniangalia, macho yamemtoka. "Isipokuwa moja."

Tulikimbia. Mimi na umri wangu nilikimbia kama mtoto aliyeachiwa shule, na njiani nilikuwa nacheka peke yangu kwa msisimko. Mzee Vuai tulimkuta anamwagilia mchicha, mfupi, mkavu, shati limefungwa kifungo kimoja. Sikudhani alimwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Baba, nakuomba upitishe fimbo. Mkato wa kumi na mbili."

"Kengele haijalia."

"Najua. Ninaingia Ghalani. Ukinisikia nimegonga ukuta mara tatu, sukuma. Usivute kitu, baba, na ukivuta usimeze."

"Mmeziba ufa wangu tena?"

"Hapana, baba."

"Basi sawa," akasema, akaingia ndani kuifuata fimbo.

Fimbo hiyo niliiona. Ilikuwa nyeusi kwa jasho la vizazi vitatu, na fundi wake alikufa kabla Sikudhani hajazaliwa.

Ndani ya Ghala giza ni giza kweli. Sheria haimkatazi mgeni kuingia, kwa kuwa hana fimbo na hivyo si mtu wa kuhesabiwa, kwa hiyo niliingia nyuma yake nikishika upindo wa kanga yake. Tuliruka vihori kimoja kimoja, yeye akihesabu kwa kunong'ona, mpaka tukafika mkabala na tundu la Mzee Vuai, ambapo maji ya mtungi yalikuwa yanalia chini taratibu. Alirudi kugonga ukuta mara tatu, akaja tena.

"Mimi naweka mkono kwenye cha kumi na mbili," akasema. "Wewe weka wako kwenye cha kumi na moja. Fimbo ikinigusa mimi, napiga muhuri na namwomba Katibu radhi."

Niliupeleka mkono wangu kwenye vifurushi vya sumu ya panya. Nawaambia ukweli, niliogopa. Tukasikia fimbo ikiingia tunduni, ikikwaruza, mkato mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Ilipita juu ya chumvi, juu ya viberiti, juu ya sukari iliyonenepa. Ikasimama. Ikateremka.

Ndoana ilinigusa mimi.

Iligusa hapa, juu ya kidole cha shahada, ikapapasa, ikanasa kitanzi cha kifurushi kilichokuwa chini ya kiganja changu, na ikaanza kuvuta. Nilikishika kifurushi kwa nguvu zangu zote. Mzee upande wa pili akavuta zaidi. Tulivutana hivyo katika giza, mimi nikipiga kelele, mpaka Sikudhani akaifikia ndoana na kuinasua. Halafu nikasikia anapumua kwa nguvu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Vidole viwili," akasema.

Ilikuwa saa tano na robo. Sikudhani alikwenda moja kwa moja kwenye kengele, akaifunga kamba yake kwa kufuli na kuuning'iniza ufunguo wake kiunoni. Katibu Faki alikuja mbio, kalamu zikimdondoka.

"Ni mzee mmoja," akasema. "Tumchongee fimbo."

"Nani amchongee? Nenda makaburini ukamwulize fundi wake hesabu."

"Basi tuwatangazie wachungulie kabla ya kumeza."

"Miaka mia na arobaini tumewafundisha wasichungulie. Unataka wasahau ndani ya nusu saa?"

Katibu alikwenda kukaa ukutani mwa Ghala, akaviangalia vidole vyake viwili vilivyoshikana. Nilimhurumia, kwa sababu najua jinsi vidole viwili vinavyoonekana vidogo mezani. Kisha akavua koti, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia na nyundo.

Mafundi sita walirudisha mbao zote zilipokuwa, na zile fimbo mpya arobaini za Mtaa wa Mbele zikakusanywa, kila nyumba ikarudia yake ya zamani. Sukari ya ziada Sikudhani aliiwekea kihori kipya, cha kumi na nne, kule katikati kwenye nafasi tupu: atakayejua kipo atakifikia, asiyejua hatadhurika. Akakagua kila kihori mwenyewe, akapiga muhuri, akaifungua kengele. Ililia saa saba na nusu.

Mji ulikuwa umechafuka. Watu walikuwa wamekaa ukutani na fimbo zao saa nzima na nusu, chai zimepoa, na walipochota wakakuta kila kitu kiko vile vile kama juzi. Hilo ndilo lililowaudhi zaidi. Bwana Shaame wa sokoni alisema mbele yangu kwamba laiti kungekuwa na hitilafu yoyote angeelewa, lakini wamecheleweshwa bure, hakuna kilichotokea. Nilijaribu kumweleza. Akaniambia magoti yanamuuma.

Alasiri Baraza likakaa. Wanyooshaji na Wagandishaji, kwa mara ya kwanza, walikubaliana: kengele imechelewa, funguo zirudi. Sikudhani alisimama mbele yao, akautoa mtungo kiunoni, akauweka mezani. Hakujitetea, kwa kuwa haulizwi sababu. Katibu Faki alisimama kusema akaambiwa akae. Mimi nilikuwa nalia kwenye benchi la wageni na sioni haya kuliandika.

Ndipo Mzee Vuai akainuka kule nyuma. Baraza likaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Nina mashtaka," akasema.

"Ufa tena, Mzee Mchicha?"

"Si ufa. Huyu." Akamnyooshea fimbo Sikudhani, fimbo ile ile nyeusi, ambayo si ruhusa kutoka nayo nyumbani. "Miaka ishirini na sita nachota kwenye Ghala analolitunza yeye. Nyumba yangu imemzoea. Mlisema wenyewe, na imeandikwa, kwamba nyumba ikitegemea kitu miaka mingi ni haki yake, hata kama ni kasoro. Kama kuchelewesha kengele ni kasoro, basi ni kasoro yangu. Nani amewaruhusu kuiondoa?"

Kicheko kilikatika. Karani alifungua daftari la hukumu, akasoma, akarudia kusoma. Wagandishaji wakatazamana, kwa kuwa hukumu ilikuwa yao. Mwenyekiti aliuliza kama kuna njia ya kuifuta, akajibiwa kwamba hukumu nayo ina miaka mitatu na tayari kuna watu wameizoea. Walinong'onezana mpaka jua likaanza kushuka kwenye vizingiti, kisha Mwenyekiti akausukuma mtungo wa funguo kwa ncha ya kidole mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Sikudhani, na kuita shauri linalofuata.

Tulimkuta mzee nje, anahangaika kuipitisha fimbo yake ndefu kwenye kona ya uchochoro bila kuikwaruza. Sikudhani akaishika upande wa pili. Walitembea hivyo mpaka nyumbani, yeye mbele, mzee nyuma, fimbo katikati yao. Mlangoni Sikudhani akauliza.

"Dawa ya leo, baba. Ilikuwaje?"

Mzee Vuai alimtazama kama aliyeulizwa swali nje ya mpangilio.

"Ile ile," akasema, akaingia ndani.

Sikudhani alikaa kizingitini pa mzee, karibu na mchicha, akajifunika uso kwa kanga na kulia kwa furaha, na mimi nikakaa pembeni yake nimemshikia funguo.